Chupa ya Kifuniko Chekundu

Gitting, Jumamosi jioni

Mama yangu Agnesi,

Umekwenda jumuiya na mama yako kuagwa, na mimi nimebaki kwa kisingizio cha ng'ombe. Ng'ombe hana shida yoyote. Amelala anacheua, na nikimtazama dirishani naona kama ananishangaa. Nilitaka nyumba iwe tupu niandike, kwa sababu nikikaa na wewe uso kwa uso nitaanza tena habari za kufuli la begi.

Mambo ya sweta, chumba, chakula na watu wa stendi sitayagusa. Mama yako ameshakwambia yote, na yaliyobaki nimekwambia mimi mara nne, mpaka ukasema, "Baba, we unamshuku hata padre." Tulicheka wote. Lakini padre huyo nilimshuku kwamba mahubiri ya Pasaka ni yale yale ya mwaka uliopita, na nilikuwa sahihi, hata mama yako alikubali.

Wiki hii nzima nimekuwa nikikushawishi usiende, na sababu zote nilizokupa zilikuwa za uongo. Nilisema vyumba vya Arusha ni ghali. Nikasema maduka haya ya mtandaoni hufungwa kabla mfanyakazi hajazoea kiti chake. Juzi mezani nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba huyo Paskalina anayekwenda kuwa mkubwa wako nilifanya naye kazi Katesh, na si mtu wa kumwamini sana. Uliniuliza kwa nini. Nikasema utajionea mwenyewe, nikaomba mboga.

Hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda kufanya kazi chini ya mwanamke ambaye mimi nilimharibia jina, na juzi, mbele ya ugali wangu, nimemharibia tena. Nataka ulijue kabla hujaingia mlangoni kwake, na ulijue kutoka kwangu. Naogopa utakavyonitazama ukishajua. Naliandika hilo wazi ili usidhani naandika kwa ushujaa.

Ulikuwa umeingia kidato cha kwanza, uko bweni, nilipochukuliwa na Mzee Bura kwenye duka lake la pembejeo pale Katesh. Unalikumbuka duka, ulikuwa unapita siku za likizo kuchukua nauli. Mbele mbegu na mabomba ya kupulizia, nyuma dawa za mifugo na vipuri vya plau. Mzee Bura alikuwa ameamua watu waagize kwa simu, mzigo uwafuate kwa basi au bodaboda. Watu walimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alinipa kompyuta na kiti chenye magurudumu.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo hiyo unayokwenda kuifanya, kwa hiyo utanielewa kuliko mama yako anavyonielewa. Msambazaji mmoja alituma jedwali ambalo majina yamekaa kwenye safu ya bei na bei kwenye safu ya ujazo. Mwingine alipiga picha daftari lake, kidole gumba kikiwa juu ya mistari mitatu ya mwisho. Wa tatu alituma sauti, anasoma bidhaa huku jogoo anawika nyuma yake, na akifika kwenye jina gumu anasema, "Na ile ya mbuzi, unaijua." Picha zilikuja zimeitwa namba tupu. Mbegu moja ya mahindi ilikuja mara mbili kama vitu viwili, na vitu viwili tofauti vilikuja kwa jina moja. Mimi nilitakiwa kuugeuza uchafu huo kuwa ukurasa ambao mtu wa Gehandu kule tambarare ataufungua kwenye simu na kujua anachonunua: jina, ujazo, matumizi, tahadhari, picha, na namba ya stoo ambayo mfungaji mizigo ataifuata.

Niliipenda kazi ile, mwanangu, na niliiweza. Hii tabia yangu ya kushuku, ambayo nyumbani inawachosha, pale ilikuwa imepata shamba. Nilishuku kila safu. Jedwali likija safi sana nililishuku zaidi, kwa sababu msambazaji wa kweli hana muda wa kupanga mistari vizuri hivyo.

Mzee Bura aliweka sheria moja tu: aliyeandika asihakiki. Nikimaliza ukurasa, unakaa unasubiri. Anakuja mwingine, anaupitia, akiridhika anaukubali kwa jina lake na paswedi yake, ndipo unaonekana dukani. Na chini kabisa panajiandika: Imeandikwa na fulani. Imehakikiwa na fulani. Huyo fulani wa pili alikuwa Paskalina.

Paskalina ni wa Nambis, kule kwa wajomba zako. Ni mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mfupi, anatembea haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Alikuwa mtunza stoo kabla ya kompyuta kuja, na stoo haikumtoka. Hakuhakiki kwa kuangalia kioo cha kompyuta. Alikwenda nyuma, akachukua kitu chenyewe, akakiweka mezani kati yetu, akakisoma kwa sauti neno kwa neno, na mimi nikasoma kilichoandikwa kwenye ukurasa. Kama kitu hakipo stoo, ukurasa hautoki. Siku moja alinisimamisha saa nzima kwa ajili ya jembe ambalo picha ilionyesha lina mpini, na yale ya stoo hayakuwa na mipini.

"Baba Agnesi," aliniambia, "mtu aje kulipokea jembe stendi, afungue, akute chuma?"

"Kila mtu anajua jembe linauzwa bila mpini."

"Basi picha nayo ijue."

Nilibadilisha picha. Lakini kuanzia mwezi wa pili nilianza kumshuku. Niliona anataka kiti changu. Kila kosa langu alikuwa analiandika kwenye daftari dogo la mistari, na nikawa na hakika daftari lile linakwenda kwa Mzee Bura jioni. Siku moja alipotoka kunywa chai nililifungua. Upande mmoja kulikuwa na makosa yangu. Upande wa pili kulikuwa na makosa yake mwenyewe, yale yaliyompita akayaona baadaye, na orodha yake ilikuwa ndefu kuliko yangu. Unajua niliwaza nini? Niliwaza kwamba ameyaandika makusudi, akijua nitafungua.

Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa na macho ya kuona kosa katika kila faili la msambazaji, na mtu mwema aliyekaa mita moja kutoka kwangu sikumwona.

Sasa nikueleze chupa. Kwa miaka mingi dawa ya minyoo ya mbuzi, ya kunywesha, ilikuja kwenye chupa nyeupe yenye kifuniko chekundu. Dawa ya kupe, ya kuchanganya na maji na kuogeshea, ilikuja kwenye chupa kama hiyo hiyo yenye kifuniko cha kijani. Wafugaji wa tambarare hawaziiti dawa hizi kwa majina ya kwenye lebo, majina ambayo hata mimi yananikwama. Mtu anaingia dukani, anaegemeza fimbo, anasalimia, anasema, "Nipe kifuniko chekundu." Kila mmoja anaelewa. Mimi nililijua hilo nikaliandika kwenye ukurasa, juu kabisa: Dawa ya minyoo, kifuniko chekundu. Hakuna mtu wa mjini angeliwaza. Mzee Bura alinisifu mbele ya watu, na nilitembea na sifa ile wiki nzima.

Siku tatu kabla ya mnada, wakati wafugaji wote wanakuja Katesh, tulipokea faili jipya la dawa. Kurasa arobaini zilitakiwa kuandikwa upya. Nikaziandika. Siku hiyo hiyo Paskalina akapata taarifa kwamba shangazi yake amefariki, akaondoka kwenda Nambis. Mzee Bura akaniambia, "Zingoje arudi." Alisema hivyo kabisa, nilimsikia.

Mimi nilikuwa na paswedi ya Paskalina. Wiki chache nyuma simu yake iliharibika, akaniomba nimfungulie kazi zake nione zinazosubiri, akanitajia paswedi bila kunong'ona, kama mtu anavyomtajia ndugu. Angenishuku hata kidogo angeibadilisha kesho yake. Hakuibadilisha.

Nilitaka Mzee Bura aje siku ya mnada akute dawa zote ziko hewani, aone kwamba kazi inakwenda bila daftari la mistari na bila kubeba majembe kutoka stoo. Nikaingia kwa jina la Paskalina. Nikakubali kurasa arobaini kwa muda ambao Paskalina angehakiki mbili. Kila ukurasa ukajiandika chini: Imeandikwa na Fabiani. Imehakikiwa na Paskalina.

Kumbe mtengenezaji alikuwa amebadilisha vifuniko. Chekundu kilikwenda kwenye dawa ya kupe, kijani kikaja kwenye ya minyoo. Msambazaji alikuwa amelisema hilo kwenye faili, mstari mmoja, kwenye safu ya maelezo, pembeni kabisa kulia. Safu hiyo nilikuwa nimeificha ili jedwali lienee kwenye kioo. Picha zilikuja na namba tupu kama kawaida. Nikatafuta yenye kifuniko chekundu, nikaibandika kwenye ukurasa wa minyoo, nikachukua na namba ya stoo ya picha ile ile. Lebo sikuisoma. Nilijua kifuniko, lebo ya nini? Mfungaji mizigo akafuata namba, kama alivyopaswa.

Aliyeagiza ni mzee mmoja wa Gehandu aitwaye Gidamis. Hasomi. Shemeji yake alimfungulia ukurasa kwenye simu, akaona chupa anayoijua. Mzigo ukamfikia, akaona kifuniko anachokijua. Akawanywesha mbuzi.

Alikuja dukani siku mbili baada ya mnada. Nilitegemea kelele. Alisimama, akasubiri tumsalimie, nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba. Akakaa kwenye gunia la mbegu, chupa mkononi, shuka lake begani. Akaanza kuwataja. Hakusema mbuzi tisa wamekufa. Alisema, "Mweusi mwenye baka jeupe kifuani, mtoto wa yule niliyepewa na mjomba. Wa kijivu, sikio la kushoto limekatwa, alikuwa na mimba. Mwekundu wa mama yangu. Mweupe wa mama yangu, ambaye alikuwa anamkamua mwenyewe." Akaendelea hivyo mpaka wa tisa. Kila mmoja na rangi yake, alama yake, mama yake. Nilikaa kwenye kiti cha magurudumu nikamsikiliza, na nikajua kwamba mzee huyu asiyejua kusoma ameandika kichwani kwake orodha ambayo haina kosa hata moja, na yangu yenye namba na picha imewaua mbuzi wake.

Kisha akaweka chupa kwenye kaunta. "Nyie mlisema hii ni ya minyoo," akasema. "Mimi si ninawaamini?"

Unataka kujua nilichowaza kwanza? Nilimshuku yeye. Sisi wa huku juu tuna maneno yetu kuhusu watu wa tambarare, umeyasikia hata hapa nyumbani, na siku ile yote yalinijia. Nikawaza labda mbuzi walikufa kwa ugonjwa, sasa ametafuta wa kumlipisha. Nikamshuku mfungaji mizigo. Nikamshuku msambazaji. Nilizunguka dunia nzima kabla ya kusoma lebo ya chupa iliyokuwa mbele yangu.

Mzee Bura alifungua ukurasa, akashuka mpaka chini. Imehakikiwa na Paskalina. Akampigia simu aje.

Alikuja na kanga ya msiba bado kichwani. Alisimama mlangoni, hakukaa. Gidamis alikuwa bado kwenye gunia.

"Mzee, shikamoo," akasema. "Siku hiyo nilikuwa Nambis. Tulikuwa tunazika."

"Basi nani aliingia kwa jina lako?" Mzee Bura akauliza.

Paskalina alinitazama. Mimi nilikuwa nanyoosha karatasi zilizokuwa zimenyooka tayari. Angeweza kusema kwamba paswedi yake ninayo. Alisubiri niseme mimi, na alisubiri muda wa kutosha kabisa. Na mimi, baba yako, nikafungua mdomo nikasema, "Labda alihakiki kabla hajaondoka, mtandao ukachelewa kuonyesha."

Sikukaa kimya, Agnesi. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba kosa langu lilikuwa kunyamaza. Nilisema. Nilimtengenezea kosa na kumvika, na Mzee Bura akaniamini.

Paskalina akasema, "Haya, Baba Agnesi." Akaenda mezani, akachukua daftari lake la mistari, akampa Gidamis pole kwa mikono miwili, akaondoka. Sikumwona tena. Mzee Bura alimrudishia Gidamis mbuzi kwa mbuzi, na Gidamis aliwapokea, lakini alisema wale ni mbuzi wengine. Hakununua tena kwetu. Alikuwa akipita mbele ya duka siku za mnada, ananisalimu kwa kichwa, anaendelea.

Nilidumu mwaka mmoja zaidi. Mzee Bura hakuajiri mhakiki mwingine, akaniambia, "We jihakiki tu, we ni makini." Unaona adhabu zinavyokuja wakati mwingine zimevaa sifa. Nikawa siamini ukurasa wowote niliouandika. Nilianza kubeba vitu kutoka stoo mimi mwenyewe, naviweka mezani, navisoma kwa sauti kwa kiti kitupu. Mwishowe nikamwambia Mzee Bura mgongo unauma, nikarudi shambani kwenye ngano na maharage.

Hapo ndipo wewe unapoanza kunikumbuka vizuri. Ulirudi likizo ukakuta baba hakubali mtu anywe dawa kabla hajasoma lebo mbele yake. Gunia la mbolea likija, nakuita usome. Chupa ya kikohozi, usome. Ulinicheka ukasema baba ana kichaa cha lebo. Ulidhani ni tabia yangu. Nilikuacha udhani hivyo, kwa sababu tabia inachekwa na hiyo nyingine haichekwi.

Sasa tuje kwenye usaili wako. Uliporudi kutoka Arusha ulisimulia umesimama, hata viatu hujavua. Ulisema wamekupa faili la majaribio, chafu kweli kweli, mistari sitini. Ulisema ulipata makosa mengi, lakini kuna mstari mmoja wa dawa ya mifugo ulikuwa umenyooka kabisa, jina sawa, ujazo sawa, picha safi, na wewe ukainua mkono ukaomba kuiona chupa yenyewe. Ukasema yule mama, mkubwa wa uhakiki, Paskalina, alikuuliza, "Kwa nini chupa? Picha si hiyo?" Ukamjibu, "Nyumbani tumezoea kusoma lebo." Akainuka, akafungua droo, akaitoa. Ukasema ilikuwa nyeupe, ya kifuniko chekundu.

Mama yako alikuwa anapiga makofi. Mimi niliacha kula.

Ukaendelea. Alikuuliza baba yako ni nani. Ukamwambia Fabiani wa Gitting. Akafunga faili, akasema utaanza Jumatatu.

Tangu siku hiyo nimemshuku tena kama zamani, usiku na mchana. Nimewaza amekuchukua ili akulipize. Nimewaza atakupa paswedi yake siku moja, aone utafanya nini. Nimewaza anataka nijue kwamba ameniweza, kwamba mtoto wangu atakuwa anamwambia shikamoo kila asubuhi. Halafu nimewaza labda amekuchukua kwa sababu uliomba chupa, basi, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Kama ni hilo, mwanamke huyu aliweza kusikia jina langu na bado akaipima kazi yako peke yake. Mimi nisingeweza. Sijui lipi ni kweli. Sikufichi, mpaka sasa ninapoandika nusu yangu bado inamshuku, na nimezeeka kiasi cha kujua kwamba nusu hiyo haijawahi kuniambia jambo la kweli kuhusu mtu, ingawa kuhusu majedwali ilinisaidia sana.

Leo asubuhi nimempigia Mzee Bura. Yuko Babati kwa mwanawe, masikio yamepungua, ikabidi nipige kelele nyuma ya zizi ili nyinyi msisikie. Nikamwambia kurasa zile nilizikubali mimi.

"Miaka yote hii, Fabiani?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mimi nifanye nini nayo leo?"

Akakohoa, akaniuliza ngano inaendeleaje, nikamwambia inaendelea vizuri. Nilidhani nikisema nitakuwa mwepesi. Sikuwa mwepesi. Nilikwenda nikapalilia sehemu ambayo haikuwa na magugu.

Sina ushauri mkubwa wa kukupa, na ukiuona umejipenyeza humu uushuku. Nakuomba mambo machache tu. Usiifiche safu ya maelezo hata kama kioo ni kidogo. Mtu akikutajia paswedi yake mwambie aibadilishe, hata akikasirika. Na huyo Paskalina akikuletea kitu mezani na kukisoma kwa sauti, msomee na wewe, usitafute usoni mwake sababu nyingine. Nilitumia karibu miaka miwili kutafuta sababu nyingine usoni mwake. Hapakuwa na kitu, alikuwa anasoma tu.

Kazi usiikatae kwa ajili yangu. Umeipata kwa mkono wako, ulipouinua. Kama utaamua kuniacha kwa muda bila kunipigia simu, nitaelewa, nitamsumbua mama yako anisomee unayomwandikia. Nitaumia, lakini nitaelewa.

Barua hii siiweki kwenye begi lako. Nikiiweka nitaamka alfajiri kuitoa, najijua. Nitampa mama yako akiingia tu mlangoni, na nitamwambia asinirudishie hata nikimwomba.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuta nimeandika kwamba Mzee Bura hakusema lolote kuhusu kungoja. Alisema. Nimefuta nikaandika upya, ndiyo maana karatasi ya pili ni chafu. Mara ya pili nilikuta nimeandika mbuzi saba. Sijui ile saba ilitoka wapi, mkono wangu uliandika wenyewe. Walikuwa tisa. Kwa hiyo najua kuna mahali pengine humu nimejipunguzia, na sitapaona, hata nikisoma mara kumi.

Ukishaisoma, mpelekee Paskalina. Mwambie shikamoo yangu haimfai, ni mdogo kwangu, lakini ningekuwa na salamu kubwa kuliko hiyo ningeituma. Usimwombe anisamehe. Mwombe aisome yote na kalamu mkononi, na anapokuta nimekosea aweke alama, kama zamani. Alikuwepo. Alikiona kitu chenyewe.

Nawasikia mnakuja, mama yako anaimba. Ngoja niishie hapa.

Imeandikwa na baba yako, Fabiani.

Imehakikiwa na: